Jibu Liko Darini

Mwalimu Wamocho alikuwa na rula ya mvule
na swali alilolipenda kuliko hesabu zote:
"Unaangalia nini juu? Jibu liko darini?"
Nikashusha macho. Vidole vikawaka.
Neno nililokuwa nalikaribia
likapotea kama kumbikumbi taa ikizimwa,
na sijalipata hadi leo.

Miaka thelathini na mmoja. Sasa nafundisha mimi,
Webuye, ng'ambo ya reli,
bomba la kiwanda cha karatasi likituchungulia dirishani.
Gredi ya Nne, watoto sitini na wawili,
na Kundu wa dawati la nyuma
anayeandika *ngombe*.
Kila siku *ngombe*. *Ngombe* wa baba, *ngombe* wa maziwa,
hakuna ritifaa hata kwa bahati mbaya.
Kalamu yangu nyekundu imekwisha wino
kwa ajili ya mnyama mmoja.

Jumamosi tukapelekwa semina Bungoma.
Chai, mandazi mawili mawili,
na mkufunzi wa viatu vya kung'aa
aliyeiita elimu yake kwa jina refu,
neva, lugha, mipango; nikasinzia.
Kisha akasema: mtoto anayetazama juu
huenda anatafuta picha. Mwacheni aione.
Nikaamka.
Wapo wataalamu wanaolipinga hilo, aliungama mwenyewe.
Sawa. Sikuwa nimekwenda na maswali ya sayansi.
Nilikwenda na vidole vyangu.

Jumatatu nikamwita Kundu.
Usiandike. Tazama juu, pale kwenye bati,
kati ya matundu ya misumari yanayopitisha jua.
Mlete ng'ombe wenu.
"Yupi?"
Unayempenda.
"Madoa. Mweusi, ana jeupe hapa."
Mwandike ubavuni, herufi kwa herufi, kwa chokaa.
Midomo ikacheza, shingo ikamsimama.
Na hapo, baada ya *g*, ameng'ang'aniwa na nini?
Akanyamaza. Akacheka.
"Kupe!"
Haya, nisomee kuanzia mkiani.
E, akasema. B. M. O.
Kupe.
G. N.

"Siwezi" lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi,
limefungwa kama duka la mwenye msiba.
Nikamwazima silabi moja, *ja*.
Sema: sijaweza.
Akalitafuna. Ndani yake kuna kuja, mwalimu?
Ndani yake kuna kuja.

Nikamuuliza ni lini aliwahi kujua, kabisa, kwamba anaweza.
Akanieleza usiku Madoa alipozaa:
ndama katanguliza miguu ya nyuma, baba yuko safarini,
yeye na mama yake na kamba ya katani,
wakavuta, wakapumzika, wakavuta,
mpaka kitu kile chenye utelezi kikapiga chafya.
Bana hapo hapo, nikasema,
gumba na kidole cha kati. Hiyo chafya, ifungie humo.
Siku ya mtihani utaifungua.

Siku ya mtihani niliuona mkono wake chini ya dawati,
umebana.
Alipata nne kwa kumi.
Aliandika ng'ombe, na ritifaa yake nene, imeshiba damu.
Aliandika pia *ng'oma*, na *nang'a*,
na *ng'azi* ya kupandia.
Kupe wameenea kundi zima.
Nikatafuta kalamu nyekundu,
nikakumbuka haina wino, nikashukuru.

Jana Mwalimu Mkuu alifungua mlango bila kubisha.
Nyuso sitini na mbili zimeelekea juu,
midomo inacheza, hakuna sauti.
"Wanaangalia nini?"
Mikono yangu ikakimbilia mgongoni, yenyewe,
kama ina miaka tisa.
Jibu, bwana, nikasema.
Alisimama na faili lake kwapani.
Kisha akainua kidevu, kidogo, halafu zaidi.
Sijui aliona nini.
Pengine bati tu, na matundu
ya kuzibwa kabla ya masika.
Lakini hakuondoka upesi.